Nyota ya Saa Tatu Asubuhi

Katika nyumba za kupanga za Mzee Majur, mtaa wa Nyakuron, jijini Juba, watu walimwita Athok Mama Paipu. Hakuwa na mtoto, na jina hilo lilianza kama kejeli, lakini yeye aliliitikia kwa sauti kubwa kana kwamba amepewa cheo.

Paipu yenyewe ilikuwa darubini. Mwili wake ni bomba jeupe la plastiki, lile nene la kupitishia maji ya mvua, likisimamishwa linamfika Athok kifuani. Ndani, chini kabisa, kilikaa kioo cha mviringo kilichobonyea kidogo kama sahani. Alikinunua Nairobi, akakipakata kwenye ndege mpaka Juba kikiwa kimeviringishwa ndani ya kitenge, maana yeye mwenyewe alikuwa msimamizi wa upakiaji mizigo pale uwanja wa ndege na alijua mizigo inavyotupwa. Kitako cha mbao kinachozunguka alitengenezewa na seremala mmoja Mganda wa soko la Konyokonyo. Seremala yule aliamini mpaka siku ya kukikabidhi kwamba anachonga sehemu ya mzinga wa nyuki.

Mzee Majur aliamini ni mzinga wa aina nyingine.

"Binti," alimwambia jioni moja, akiwa amesimama mlangoni pa chumba chake bila kukaribia, "kitu hicho kinaelekezwa juu, na juu kuna ndege za serikali. Jirani wanaogopa. Watu hapa wameona vita, hawahitaji mchezo."

"Mzee, na mimi nimeviona."

"Wewe ulikuwa Kenya."

Neno hilo lilimkera Athok kuliko yote. Alizaliwa njiani, mama yake akikimbia. Alilelewa Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya, ambako kila mwaka mtu fulani alikuja kuwauliza watarudi kwao lini. Aliporudi kwao, watu wa kwao wakamuuliza atarudi Kenya lini, kwa sababu Kidinka chake kilikuwa na mashimo na Kiarabu cha Juba alikizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kurukaruka mawe. Kambini, jua likishatua, giza lilikuwa zito na nyota zilishuka mpaka juu ya mabati. Mwalimu wao wa hesabu aliwafundisha kuzipima kwa mkono: nyoosha mkono mbele ya uso, ngumi ni nyuzi kumi, kidole kidogo ni nyuzi moja. Ukishaijua nyota moja, unapanda ngumi mbili, unateremka kidole kimoja, unafika kwa nyingine, kama mtu anayeelekezwa nyumba kwa kuhesabu mageti. Athok aliona kwamba hapo, angalau, hakuna anayemuuliza anatoka wapi.

"Ndege hizo, Mzee," akajibu, "mimi ndiye ninayezipakia mchana kutwa. Nizipakie mchana nizitungue jioni?"

Wapangaji waliokuwa uani wakacheka. Mzee Majur hakucheka. Mtu mzima akichekwa kwake hasahau, na Athok alilijua hilo, lakini maneno yalikwisha toka.

Siku chache baadaye, kiza kikiwa ndiyo kwanza kinaingia, Athok alikuwa uani akimwonyesha jirani yake, Saado, sayari ya Mshtarii. Saado alikuwa Msomali wa Garissa, mwenye duka la jumla upande wa pili wa barabara. Alikuwa amefunga duka kwa ajili ya swala, akapitia kuchungulia kabla ya kurudi kwenye sukari na mafuta yake.

"Naona vitone vinne pembeni," Saado alisema. "Ni uchafu wa kioo?"

"Ni miezi yake, Mama Leyla. Kesho vitakuwa vimehama."

Hapo geti likasukumwa. Waliingia askari wa doria, bunduki mikononi, na mmoja akalikumbatia bomba kwa pupa akalinyofoa kitakoni. Athok alilishika upande wake. Wakavutana. Askari wa pili akapiga bomba kwa kitako cha bunduki, likapasuka mdomoni, na Saado akamvuta Athok kwa nguvu zote.

"Waachie! Waachie, dada yangu. Hilo bomba halina damu, wewe unayo."

Aliwaachia. Gari lao liliondoka na vumbi. Mlango wa Mzee Majur ulikuwa umefungwa, taa ndani inawaka.

Usiku ule mvua ilinyesha. Athok alilala akiisikia juu ya bati, akijiuliza kama darubini yake iko ndani au nje. Hakulia. Hasira ilikuwa imechukua nafasi yote.

Kulipopambazuka mbingu ilikuwa imeoshwa. Alisimama uani na mswaki mdomoni, akaona mwezi mwembamba wa kuelekea kufa, na pembeni yake Zuhura, inang'aa. Akaunyoosha mkono usawa wa jicho: vidole viwili kati yao, upande wa kushoto. Akatema povu. Kisha akampigia simu msimamizi mwenzake amshikie zamu, akapakia kile kitako cha mbao kwenye raksha, bajaji ya Juba.

Saado alimwona, akafunga duka tena. "Huendi peke yako," alisema akiingia kwenye raksha na kujibana kando ya mbao. "Na huko usiongee sana."

"Nitaongea."

"Basi mimi nitaomba Mungu."

Kwenye kituo cha askari waliikuta darubini uwanjani, imelazwa kwenye tope kama mlevi. Ilinyeshewa usiku kucha. Athok aliliinua bomba, akachungulia ndani. Kioo kilikuwa kimejaa matone. Askari kijana akamsogelea kwa upole, akavuta mkono wa sare yake ili apanguse.

"Usiguse!" Athok alipaza sauti mpaka uwanja mzima ukageuka. "Ukikifuta umekiua. Weka mkono wako mfukoni."

Askari akauweka.

Aliyetoka ofisini ni luteni Bior, mrefu, macho mekundu ya usingizi. Alimsikiliza Athok akijieleza kwa Kiarabu chake cha mawe mtoni, kisha akamkatiza kwa Kiswahili cha Eldoret.

"Madam, ongea tu Kiswahili, nitashika. Nimeletewa ripoti kwamba unalenga ndege. Wewe unasema unaangalia nyota. Sasa nyota ziko wapi? Ni saa tatu asubuhi. Nitaandika nini?"

"Nipe ukuta wenye kivuli," Athok alisema.

"Nini?"

"Ukuta wenye kivuli, na muda wa maji haya kukauka. Nyota nitakuonyesha sasa hivi."

Askari wakaanza kusogea. Mmoja akanong'ona kwamba mwanamke huyu ameingiwa na wazimu. Saado alikuwa ameketi juu ya jiwe, midomo yake ikienda.

Athok hakuharakisha. Aliinamisha bomba matone yateremke yenyewe, akalisimamisha kwenye upepo mpaka kioo kikabaki na madoa tu. Aliweka kitako nyuma ya ghala la kituo, mahali ambapo jua lilizuiwa kabisa na ukuta, kwa sababu jua likiingia kwenye kioo kile linaunguza jicho papo hapo. Kisha akautafuta mwezi. Ulikuwa juu, mweupe, dhaifu kama ukucha uliokatwa, na askari watatu waliuona tu baada ya kuonyeshwa kwa kidole. Akaulenga, akarekebisha kijilenzi cha kuchungulia mpaka ukingo wake ukaonekana wazi kabisa. Hilo lilikuwa la lazima. Mchana, ukungu kidogo tu machoni pa darubini unatosha kuifuta nyota isionekane kabisa. Kisha, taratibu, akasukuma bomba kushoto, vidole viwili.

Buluu tupu. Akarudi mwezini. Akasukuma tena. Buluu.

"Madam," luteni alisema.

"Ngoja."

Huenda kioo kilihama bomba lilipopigwa. Alirudi mara ya tatu, safari hii akapandisha bomba kidogo kupita alivyokadiria, maana mwezi nao ulikuwa umetembea tangu alfajiri. Ikaingia. Ilikuwa nyeupe, kali, imetulia katikati ya buluu kana kwamba ilikuwa ikimsubiri yeye aliyechelewa.

Akaondoka kwenye kijilenzi bila kusema kitu, akamwonyesha luteni kwa kidevu.

Bior aliinama. Kisha akainuka amekasirika.

"Unanichezea. Huu ni mwezi. Ni mdogo, lakini ni nusu mwezi!"

"Mwezi uko wapi, afande?"

Luteni akatazama juu. Mwezi ulikuwa pale pale ulipokuwa. Akaangalia bomba linakoelekea, halikuelekea huko. Akainama tena.

"Hiyo ni Zuhura," Athok alisema. "Nayo hukatwa na kivuli kama mwezi. Iko hapo kila siku nyie mkilinda geti. Hakuna aliyeileta jana usiku kwa gari."

Wakachungulia wote. Yule askari kijana alichungulia na mikono yake ikiwa bado mfukoni. Saado alikuwa wa mwisho, akasema "Subhanallah," kisha akamwambia luteni kwamba ana duka na wateja wanamngoja.

"Chukua kitu chako," Bior alisema. "Lakini kaa nacho ndani. Usikitoe tena, tusije tukasumbuana."

Saado alikwisha shika upande mmoja wa kitako. Athok hakushika upande wa pili.

"Hapana, afande."

"Nimesema chukua."

"Nitachukua. Kukaa nacho ndani, hapana. Mmenipasulia bomba na mmeninyeshea kioo kwa kosa ambalo halipo. Leo jioni nitakiweka nje ya geti, barabarani, kila mtu akione. Waoga waje wachungulie. Ukitumwa unikamate, utanikuta hapo hapo."

Mtu hamjibu hivyo mwenye bunduki. Saado alifumba macho. Bior akawageukia askari wake na kuwauliza kwa ukali kama hawana kazi. Hakurudia amri yake, wala hakuifuta.

Jioni ile Athok aliweka darubini barabarani. Waliosimama mwanzo walikuwa waendesha bodaboda wawili, kisha wanawake waliotoka sokoni, kisha mtu mmoja aliyetaka kujua kama unaweza kuona Khartoum. Mzee Majur alipita katikati yao bila salamu. Mwisho wa mwezi akamwita Athok na kumwambia neno moja la Kiarabu: kalas, imekwisha. Achague chumba au paipu.

Alihama. Saado alimpa nafasi kwenye ua wa nyuma ya duka lake, chumba kidogo kinachonuka viungo, na kwa wiki nzima Athok aligombana na taa ya ghala la duka iliyomharibia giza mpaka Leyla, binti wa Saado, akaanza kuizima mwenyewe kila magharibi. Nyakuron wako wanaosema mpaka leo kwamba yule mwanamke anafanya kazi kwa wageni. Athok husikia, na akiwa na nafasi huwajibu.

Juzi alimchukua Saado wakaenda kwa seremala wa Konyokonyo kuagiza darubini nyingine, ya mbao, badala ya ile iliyopasuliwa.

"Angalau safari hii tengeneza fupi," Saado alimshauri njiani, "isifanane na silaha."

Seremala alitoa futi yake, akauliza vipimo. Athok alinyoosha mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, kiganja kikatulia hewani.

"Mpaka hapa," alisema.