Matairi Mapana ya Mbele

Mume wangu aliponiambia anataka kuweka matairi mapana mbele, nilijua kuna mtu.

Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na macho tu. Gari lenyewe ni lile dogo jekundu la viti viwili, injini nyuma, alilouziwa na mgeni mmoja wa machimboni aliyekuwa anarudi kwao. Liko chini mno na ni jepesi mno, likiingia barabara ya vumbi linakwangua tumbo. Yeye ana duka la dawa za mifugo hapa Tarime mjini. Gari linalojaa ukiweka dumu moja la dawa ya kuogeshea ng'ombe, ni la nini? Nilimuuliza siku alipolileta nyumbani Turwa. Akacheka, akasema roho imependa. Haya, roho.

Habari ya matairi aliileta asubuhi, tukinywa chai.

"Mbele ni jepesi," akasema. "Matairi ya mbele ni membamba kuliko ya nyuma. Ukiingia kona unakata usukani, lenyewe linataka kwenda moja kwa moja. Halafu linashika ghafla, linamrusha mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Mimi."

"Wewe si umeshika usukani?"

Akachovya mkate.

"Si uende polepole basi?"

"Haiwezekani."

Haiwezekani! Mzee wa kanisa, baba wa watoto wangu, anaambiwa apunguze mwendo anasema haiwezekani. Nani anamkimbiza? Niliondoa vikombe kwa kishindo ili ajue sijaridhika.

Kesho yake nikalikagua gari kabla hajaamka. Kiti cha pili kilikuwa kimesogezwa nyuma na kulazwa kidogo, wakati mimi hukaa wima. Na katikati ya viti viwili kulikuwa na mto mdogo, umeshindiliwa pale ukakaa imara. Mto mpya, foronya imefuliwa. Nilisimama nimeushika mkononi. Mpaka wamewekeana mito! Mimi nilipopanda lile gari siku ya Pasaka nilikaa juu ya chuma.

Nikaurudisha ulivyokuwa. Siku za mwizi ni arobaini, nikajiambia, ngoja.

Nilimwambia nitafuatana naye kwa fundi wa matairi, pale barabara ya Sirari. Alishangaa, maana mimi na mambo ya magari wapi na wapi, lakini hakukataa. Fundi alipiga magoti mbele ya gari, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Yaliyopo upana wake ni mia na themanini na tano," akasema. "Tupande hatua moja tu, mia na tisini na tano. Rimu itayabeba. Ukizidisha hapo yatakwangua ndani ukikata usukani wote, na mbele ikishika kuliko nyuma, mkia utakuja kukusalimia."

"Hatua moja inatosha," mume wangu akasema.

"Unabeba abiria?"

Mimi nilikuwa naangalia barabara, lakini masikio nimeyaacha pale pale.

"Mara moja moja," akasema.

"Mzito?"

"Hapana. Mwepesi kabisa."

Mwepesi kabisa! Mimi baada ya watoto wanne si mwepesi, na yeye anajua. Fundi akasema saizi hiyo hana, na mume wangu akampigia simu binamu yake wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, amtafutie. Aliongea naye kwa furaha, kana kwamba anatafuta posa.

Jioni nilimsimulia shoga yangu tunayeuza naye mitumba sokoni. Hakunifariji. "Dada, siku zile anazokwenda Musoma kununua dawa," akasema, "mbona gari linaanza kwa kupita hapa kuelekea Sirari? Musoma si iko kule?" Akaonyesha kwa mdomo upande wa pili.

Sikulala vizuri. Niliwaza nyumba, watoto, mashemeji watakavyosema, na mahali mama yangu kule Susuni atakapouficha uso wake, mjane mwenye heshima zake, binti yake akirudi na mabegi. Kaka yangu wa pekee yuko machimbo ya mbali, hata simu hashiki. Kama nyumba yangu inabomoka, nilitaka niione ikibomoka kwa macho yangu mwenyewe.

Safari iliyofuata ya "Musoma" niliondoka kabla yake. Bodaboda alinishusha pale njia ya Susuni inapokutana na lami. Nikaingia kwenye kibanda cha muuza sukari, nikajifanya nachagua majani ya chai. Gari jekundu likaja, likageuza, likasimama. Mume wangu akashuka, akafungua mlango wa abiria, kisha akaenda kusimama mbali kabisa, ameligeuzia gari mgongo, anaangalia shamba la mahindi la watu.

Nikajiuliza, mpenzi gani huyu wa kupewa mgongo?

Ikaja pikipiki kutoka Susuni. Mwanamke aliyejitanda kitenge mpaka machoni akashuka, anapapasa chini kwa mguu kama anayevuka mto. Viatu vyake nilivijua. Nilivinunua mimi.

"Mama!"

Alishtuka, akaushika mlango. Mume wangu aligeuka mara moja, akaniona, akageukia mahindi tena. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawakai benchi moja, wakikutana njiani mmoja anapisha.

"Shikamoo mama. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Usimfokee. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme." Aliongea akitafuta uso wangu, akaukosa kidogo. "Ni presha ya macho. Hili la kushoto limekwisha. La pili wanajaribu kuliwahi, kule kliniki Musoma."

"Na mimi mwanao nisijue?"

"Ungejua ungenihamishia kwako. Nikalale kwa mkwe? Nitafune mkwe akinisikia? Heri upofu." Akavuta kitenge. "Tulikuwa tunapanda basi, yeye nyuma, mimi mbele. Siku moja nikashuka pasipo penyewe. Alinitafuta mpaka akalia. Ndiyo akasema tutatumia hiki kibati chake."

"Na mwendo huo wa kasi?"

"Mimi ndiye namwambia kimbia, baba, kimbia. Unataka watu wa kanisani wanione nimekaa bega kwa bega na mkwe wangu?" Kisha akashusha sauti, akaniambia kama anayeungama. "Aliweka na mto katikati. Lakini ile kona ya kushoto, ukishuka kilima, gari lilinirusha. Nilimwangukia. Nilimgusa bega, mwanangu. Baadaye akasema atatafuta matairi."

Nilitaka kucheka, kilio ndicho kikatoka. Nilitaka nipande niende naye, na pa kukaa hapakuwepo. Nikamfunga mkanda, nikaukaza ule mto kwa mikono yangu, nikafunga mlango. Mume wangu alipita karibu yangu akienda kushika usukani. Nikasema "nenda".

Matairi ya Isebania yalifika. Fundi akayafunga, akakata usukani wote huku na huku, akitega sikio. Hayakukwangua popote. Mume wangu akanifungulia mlango wa abiria.

"Kaa kwenye kiti cha mama," akasema. "Nataka kujua kabla hajapanda."

Tulitoka mjini, tukashuka kilima, na alipoifikia ile kona hakupunguza. Gari liliinama pua, likashika lami, likaikata kona. Mimi nilibaki pale pale nilipokaa, sikuyumba hata kidogo. Yeye macho barabarani, jasho linamtoka.

Nikauchomoa mto, nikauweka miguuni, nikamwegemea bega.

"Linarusha bado?" akauliza, na sura imemshuka.

"Halirushi," nikasema. "Liko sawa. Endesha."