Nimeposwa uzeeni hapa Diepsloot, na mwanangu akadhani anaposwa binti yake

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na nyie wajukuu nimeshaitikia marahaba kabla hamjasema. Haya ni ya kweli tupu. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa huku Afrika Kusini kwa mwanangu Athumani, mwenye spaza, kiduka cha mtaani. Shule niliishia darasa la pili, ila majina sisahau. Nitajie harusi yoyote niliyohudhuria, nitakutajia mpaka aliyeunguza pilau. (Alikuwa Mwanaisha binti Seif.)

Uzee unachekesha, wakuu. Magoti yanalia kabla sijainuka. Usingizi unakuja mchana, usiku unanikimbia.

Na watu wanakusema umekaa hapohapo. "Bibi kashakula?" Niulize mwenyewe basi, nipo.

Lakini hili sikulijua: mtu anapungua urefu.

Sikulijua kwa sababu ya Mzee Kombo, fundi cherehani wa Kipemba hapa mtaani, amefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume. Kila Idi ananipima, ananishonea, hasemi kitu.

Mwaka huu mkwe wangu Saumu akaninunulia gauni la dukani, saizi yangu ya siku zote. Likaburuta, nikajikwaa mlangoni. Nikaenda kwa Kombo kulalamika.

Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kumbe miaka yote ananipunguzia pindo. Hata magauni ya zamani, nikimpelekea anishonee kifungo tu, anapandisha na pindo kimyakimya, nisijione nafupika.

Wakuu, siku hiyo nilivuka robot, taa za barabarani, ikiwa nyekundu bila kuangalia.

Tukaelewana tuoane. Kaka yangu Hamisi kule Tanga akaridhia kwa simu. Ila nakaa kwa Athumani, na bila neno lake sitoki. Kumwambia mwenyewe nikaona aibu. Mama anaanzia wapi?

Basi Jumapili wakaja washenga, Mzee Juma na Bwana Rajabu, kanzu zimenyooka. Mnajua washenga, jina halitajwi haraka. Wakauliza afya, biashara, umeme, ndipo wakasema wamekuja kuomba mke katika nyumba hii.

Athumani akamtazama binti yake Zuhura, anayesoma chuo Braamfontein. Akawashukuru sana, akasema mtoto bado anasoma, na yeye hana haraka ya kuoza.

Mimi niko jikoni nyuma ya pazia, nimeuma kanga.

Mzee Juma akakohoa. "Athumani, huyo tunamwombea afaulu mitihani. Sisi tumekuja kwa mama yako."



"Eish," akasema mwanangu. Halafu, "Mama yangu mgonjwa wa magoti."

"Na Kombo vilevile. Watakaa."

Zuhura akakimbilia nje kucheka.

Athumani akaja jikoni. Nilidhani ana hasira, kumbe ana hofu. "Mama, ukiamka usiku nani atakuangalia?"

"Kombo naye halali," nikamwambia. "Baba yako Bakari nilimuuguza mpaka mwisho, na simsahau. Lakini nyie mnaniangalia nisianguke. Yule ananiangalia mimi."

Nikamwonyesha pindo la gauni. Akainama, akapitisha kidole kwenye uzi. Alipoinuka akasimama karibu, akaniona nimemfika kifuani.

"Mama, umekuwa mfupi."

"Mwenzio kaona zamani."

Akacheka, akajifuta macho kwa shati, akarudi sebuleni. Nikamsikia anaagiza chai na halua. Saumu akanikumbatia nikakosa pumzi.

Funzo langu, wakuu: mkiwa na mzee nyumbani, msimhesabie vidonge tu. Mtazameni. Na wazee wenzangu, mwili unachoka, lakini kupendwa hakuhitaji magoti. Ambao mama zenu wameolewa tena, semeni hapa mlipokeaje. Wenye matusi pia nawakaribisha, nitawakumbuka kwa majina.

Gauni la ndoa anashona Kombo mwenyewe. Jana alinipima, nikanyanyuka kwa vidole vya miguu niongeze urefu kidogo.

"Shusha visigino, Bi Mwanahawa," akasema. "Nakushonea wewe."