Chevelle ya Mama Diane

Mikael alipofungua mlango wa Chevelle na kuona viti vilivyomo, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Concessa! Hivi ni viti vya Volvo!"

"Ndiyo," sauti ikajibu kutoka chini ya dashibodi, huku ikionekana miguu tu. "Vya kupasha joto."

"Gari la mwaka sabini halina viti vya joto!"

"Sasa linavyo. Nipe bisibisi."

Ndivyo walivyoishi wawili hao katika gereji yao ya kupanga huko Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, wakigombana kila Jumamosi na kugawana maandazi kila saa ya kahawa. Mikael, fundi bomba mstaafu, aliamini kwamba gari la zamani libaki kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho. Concessa, dereva wa basi, aliamini kwamba gari ni la kuendeshwa. Hilo hakulisoma popote. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa mafundi pale Bujumbura, na baba yake mzee Ephraim alikuwa akichukua injini ya gari hili, giaboksi ya lile na milango ya la tatu, akiviunganisha mpaka vielewane. Mzee aliiita kazi hiyo kufungisha ndoa. Gari likikubali kuwaka, mwenye gari aliondoka akipiga honi mtaa mzima, na watoto wakimkimbilia nyuma.

Sasa jinsi mtoto wa Buyenzi alivyokuja kumiliki gari la Kimarekani lenye silinda nane huko Sweden, ni kisa kirefu, lakini chenyewe hakina maajabu. Concessa alifika mwezi wa Januari, amekimbia vita, na miezi ile ya kwanza aliamini kabisa kwamba ameletwa katika nchi ya watu waliokatazwa kuongea. Kwenye treni kimya, kwenye lifti kimya, dukani kimya. Halafu kiangazi kikaingia. Siku moja amesimama kituoni na Diane mgongoni, yakapita magari makubwa ya Kimarekani, msururu mzima, yamepakwa rangi za peremende, muziki juu, na wazee wenye mvi wametoa viwiko madirishani wakimpungia mkono yeye asiyemjua hata mmoja wao. Concessa alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kumbe wanaweza! Pale pale akaamua kwamba nchi hii atakaa, na gari la namna ile atakuwa nalo.

Gari lilimsubiri sana. Kwanza ilikuwa lugha, kisha leseni ya basi, kisha nyumba Hagsätra, kisha kulea. Mikael alikuwa abiria wake, na siku moja Concessa alimsifia kofia yake yenye nembo ya gari. Wakaanza kuongea, jambo ambalo kwenye basi la Stockholm si dogo. Dada yake Mikael alikuwa na Chevelle mbovu ghalani, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Concessa alilizunguka, akalipiga bodi kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti, akasema analichukua. Mume wake Ludovic alipoletewa habari aliuliza swali moja tu: "Na kuku?"

Miaka ikaenda gari likiwa la kuchezea Jumamosi, hadi Diane alipochumbiwa na Aristide.

Jioni ya posa, wageni walipoondoka, Concessa alisema jambo alilokuwa amelitafuna siku nyingi. "Nitakupeleka kanisani mimi mwenyewe. Kwa Chevelle."

Diane ni muuguzi, msichana mpole, mwenye kupenda vitu vinyooke. Wazazi wakimsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi. Ndivyo alivyozoea tangu chekechea.

"Nej, mamma," akakataa, na sababu akazipanga zote kwa Kiswidi chake kizuri: gari linanuka petroli, linachemka kwenye foleni, halina mikanda nyuma, breki zake ni za kuombea dua. Isitoshe, baba mdogo Janvier amekwisha kujitolea gari lake jipya la umeme. Jeupe, safi, halina kelele.

"Mama Diane, mwachie mtoto," Ludovic akanong'ona.

Lakini Concessa alikuwa na lake moyoni, na akalitoa. "Siku tunaondoka nyumbani, wewe na mimi tulibebwa kwenye lori la watu, juu ya magunia, wala sikujua tunapelekwa wapi. Nilikaa nimekushika njia nzima. Nilijiambia, ipo siku nitampeleka mtoto huyu mahali pazuri, na usukani nitaushika mimi."

Diane akatoa sharti, maana ni muuguzi na hapendi kubahatisha. Rekebisha kila kitu, mama. Nitapanda. Ila siku yenyewe kitu kimoja tu kikigoma njiani, nahamia kwa baba mdogo.

"Nimekubali," akasema Concessa, na usingizi ukamhama mwezi mzima.

Basi wakaanza. Yaani Concessa alianza, na Mikael akawa analalamika huku akishika tochi. Kila walipoachana na kahawa walikwenda kwa wauza magari yaliyokatwa, na Concessa akawa anapita kati ya vyuma kama mama anayechagua mchele. Breki za diski za gari la juzi juzi zikachukua nafasi ya zile za zamani. Feni ya umeme ikaletwa kutoka kwenye gari la mizigo, na rejeta nene zaidi, ili injini isichemke kwenye foleni. Mikanda ikaja pamoja na vile viti. Pampu mpya ya petroli ikaondoa harufu. Kila kifaa kilikuwa na tundu lake mahali pasipo pake, na kila tundu Concessa alilipatanisha kwa bati, kwa tindo na kwa maneno matamu.

"Vijana wa klabu ya magari ya zamani wakiona hii feni watanifukuza," Mikael alisema.

"Waambie ni ya shemeji yako."

Gari likapelekwa kwenye ukaguzi na likapita bila doa. Concessa alimpigia simu Diane akiwa bado kwenye kiti cha dereva, na Diane akasema "Bra, mamma," yaani vizuri, kwa sauti ya mtu asiyejua kama afurahi.

Ikabaki wiki moja. Concessa akavaa vazi lake la harusi, imvutano ya rangi ya dhahabu ya kufunga begani, akaingia kwenye gari kujaribu. Usukani wa Chevelle ulikuwa mpana kama sinia la pilau. Alipokata kona ya kwanza, mikunjo ya imvutano ikanaswa kwenye usukani, bega likabaki wazi, na jirani mmoja wa Kiswidi akageuka kutazama maua yake kwa adabu. Hivyo haiwezekani! Usiku haujaingia, Concessa alikuwa ameung'oa usukani ule na kufunga mwingine mdogo, mnene, wa gari jipya. Ukakaa vizuri mkononi. Nguo ikapona. Mikael akalia kidogo, kisha akakiri kwamba unapendeza.

Jumamosi ya harusi ikaamka na jua. Pale Hagsätra magari yakapangwa, riboni kila mahali, shangazi na wajomba ndani. Ludovic akakaa mbele, suti imembana. Diane akaingizwa nyuma, shela imejaa kiti chote cha Volvo, na shangazi yake mkubwa akaingiza kichwa dirishani kumrudishia mawaidha: macho chini, usicheke, usiseme. Bibi harusi wa Kirundi anayefurahi barabarani huonekana alikuwa na haraka ya kuwakimbia wazazi wake. Diane akaitikia kwa kichwa. Chevelle ikawaka kwa mngurumo mmoja mzito, ikaongoza msafara.

Breki zilishika. Injini ilikaa baridi. Walikatiza mji kutoka kusini kwenda kaskazini, na Concessa akaanza kupumua. Walipoingia Spånga, kanisa likiwa karibu, Janvier nyuma yao akafungua shughuli: pi pi piii! Magari yote yakaitika, kama inavyopaswa, maana msafara wa harusi usio na honi watu huuvulia kofia wakidhani ni wa maiti. Concessa naye, gari la bibi harusi, kiongozi wa msafara, akatabasamu, akabonyeza katikati ya usukani.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa kiganja, kisha kwa kiwiko. Kimya kile kile cha treni na lifti. Hapo ndipo alipokumbuka waya mwembamba uliobaki unaning'inia siku ile ya usukani, waya aliojiambia ataufunga baadaye. Na hakuukumbuka tena, kwa kuwa ni nani hupiga honi Stockholm? Miaka yote ya basi alikuwa amepiga honi mara moja tu, kumfukuza paa. Mtoto wa mzee Ephraim, mzaliwa wa Buyenzi, kasahau honi! Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama Diane," Ludovic akanong'ona, "piga honi."

"Haipo."

Taa ikawaka nyekundu. Wakasimama. Kwenye kioo Concessa aliona macho ya binti yake yameinuka, yanamtazama. Hakuna aliyelitaja sharti, na hakuna aliyelisahau. Gari jeupe la Janvier likateleza likasimama ubavuni mwao, kioo kikashuka.

"Vipi, honi yenu imekufa?" Janvier akaita, kwa wema kabisa. "Bibi harusi, hamia huku, kanisani tufike na sauti!"

Concessa alishika usukani wake mdogo mnene, akatazama mbele. Alisikia mkanda wa nyuma ukifunguliwa, tak. Akajiambia kwamba ahadi ni ahadi, na kwamba hatalia mbele ya shemeji.

Lakini mlango haukufunguka. Kilichoshuka ni kioo. Diane akatoa kichwa nje, kisha mabega, shela ikapeperuka juu ya paa la Chevelle, na yule msichana mpole wa Kiswidi akapiga kigelegele. Kirefu, chembamba, cha juu, kikapanda ukuta wa maghorofa na kurudi. Mwanamume aliyekuwa akivuka na mbwa wake alisimama katikati ya barabara. Nyuma, shangazi mkubwa alisema "Yesu wangu!" kisha akashindwa kujizuia, akaitika, na wanawake wa msafara mzima wakaitika baada yake.

Diane alirudi ndani, nywele zimevurugika, akafunga mkanda.

"Honi ndiyo hiyo, baba mdogo," akasema kwa Kiswahili. "Mama, twende, taa ni kijani."