Orodha ya Pilau

Mwandiko uliotumiwa kuthibitisha kwamba kijiji chetu kiliyakubali matangi ya mafuta ni wangu. Nilikuwa mwalimu pale, katika kijiji kidogo cha kisiwa cha Pate, mwendo wa saa nzima kwa boti ya mashine kutoka Faza. Nilitoka bara nikiwa sijui hata kushuka chomboni bila kulowa, na mwalimu niliyempokea zamu aliniambia nitavumilia muhula mmoja kisha nitoroke. Nilikaa miaka tisa.

Miaka ile ya kwanza hakuna ofisi iliyokuwa na haja nasi. Zahanati ilikuwa na jengo lakini haikuwa na muuguzi. Darasa langu lilikuwa na mlango uliofungwa kwa kamba ya katani. Maji ya kunywa tuliyapata kwenye jabia, birika kubwa la mawe lenye uwanja mpana uliopigwa chokaa, ambao hukusanya mvua na kuitia ndani. Wanawake wa kijiji ndio waliolitunza. Kila mwaka kabla ya masika waliufagia uwanja ule, wakauziba nyufa, wakaupaka chokaa upya. Ufunguo wa mlango wa jabia ulikaa kiunoni mwa mjane mmoja ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa, mwanamke mwembamba mwenye sauti kali, na aliyetaka kuteka maji kabla ya zamu yake alimkoma.

Halafu ikasemekana mafuta yatapita kwetu. Yangeletwa kwa bomba, yahifadhiwe kwenye matangi, kisha yapakiwe melini. Ghafla tukawa mji. Kibao kikubwa kilisimamishwa gatini kimeandikwa kwamba hapa ndipo utakapojengwa mji wa mafuta, na maofisa ambao hawakuwahi kuuliza kwa nini hatuna muuguzi wakaanza kusema "mji wenu" hivi, "mji wenu" vile. Vijana wa vipimo wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Vingine vilipigiliwa ndani ya uwanja wa jabia, juu ya chokaa. Bi Mkubwa aliving'oa, akaenda kuvipanga mlangoni kwa chifu.

Mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi ulifanyika darasani kwangu. Walikuja mhandisi wa kampuni ya mafuta na maofisa wawili, wamebeba ramani ya karatasi inayong'aa. Mhandisi alizungumza Kiingereza tupu. Ofisa mmoja alinishika bega akasema, "Mwalimu, wewe ni mwenzetu wa bara. Tusaidie kutafsiri." Neno lile "mwenzetu" lilinikera, lakini nilisimama nikatafsiri. Ningekataa wangetafsiri wao.

Nilitafsiri ajira. Nilitafsiri barabara, umeme na shule ya ufundi. Kwenye ramani niliitafuta jabia nisiione. Mahali pake palikuwa na rangi ya kijivu na maneno mawili ya Kiingereza ambayo maana yake ni eneo tupu.

Bi Mkubwa aliinuka. "Mwalimu, muulize bwana huyo. Ndia ya kwenda kuteka mai itapita wapi?"

Niliuliza habari ya njia ya maji. Mhandisi alijibu kwa dakika nzima. Nilipolichuja jibu lake halikubaki na kitu, ila kwamba jambo hilo litazingatiwa katika hatua zinazofuata.

"Amesema watalizingatia," nikasema.

"Hilo si jawabu," akasema Bi Mkubwa. "Mwambie nimesema si jawabu."

Nilimwambia. Mhandisi alitabasamu, akatazama saa. Nje mbuzi wawili walikuwa wameshachinjwa, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa darasa zima.

Wakati huo ndipo ofisa yule aliyenishika bega aliponiomba niandike majina. Alisema mpishi anataka kujua idadi ya masinia. Nilichana karatasi kwenye daftari la shule, nikaandika juu, kwa herufi kubwa, "Waliofika mkutanoni: chakula." Wanaojua kuandika walitia sahihi, nami nikiwemo. Wasiojua niliwaandikia majina, wakatia dole gumba. Vidole vile nilivishika mimi mwenyewe, kimoja kimoja, nikivielekeza kwenye mstari. Mpishi, mwanamume wa kijijini anayepika harusini, alizipiga picha karatasi zile kwa simu yake ili ahesabu watu wanne kwa kila sinia. Ofisa akazikunja zile zenyewe, akazitia kwenye mkoba.

Tulikula. Najilaumu kwamba niliifurahia ile pilau.

Miezi ilipita. Siku moja tingatinga lilishushwa pwani kutoka kwenye jahazi la chuma, na kabla ya wiki kwisha seng'enge ilikuwa imezungushwa kuanzia mikokoni hadi nyuma ya jabia. Wanawake walipokwenda na ndoo walikuta lango na askari wa kampuni. Nilisikia kelele nikiwa darasani, nikawaacha wanafunzi na hesabu zao ubaoni.

Askari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa bara, ametumwa tu. "Mama, msinigombeze mimi," alisema. "Nyinyi wenyewe mlikubali. Majina yenu haya hapa." Akatoa nakala ya ripoti kutoka kwenye kibanda chake, akanipa mimi niisome kwa kuwa nilivaa viatu vya mwalimu.

Kwenye ukurasa wa nyuma kabisa niliukuta mwandiko wangu. Madole yale yale, kwa mpangilio ule ule, na jina langu mwenyewe katikati. Kile kichwa nilichokiandika kilikuwa kimefunikwa. Mahali pake palichapwa kwamba hao ni wakazi walioridhia mradi na kuachia ardhi.

Masikio yaliniwaka moto.

"Pameandikwa nini?" Bi Mkubwa aliuliza.

Nilimsomea, mpaka nikafika kwenye jina lake. Alinyoosha kidole kwenye alama ya dole iliyokuwa pembeni ya jina lake.

"Na hapa aliyeniandika ni nani?"

"Ni mimi, Bi."

Hakunitukana, na nilitamani angenitukana. Alifunga leso yake vizuri, akawaambia wenzake warudi nyumbani, akaondoka. Kwa siku nne hakuitikia salamu yangu.

Siku ya tano nilimfuata mpishi. Nilimwomba anifungulie simu yake, nikakaa kwenye kizingiti nikipitia picha za masufuria na mabibi harusi mpaka nikaipata orodha, na kichwa changu juu yake kikiwa kizima. Nilikimbia nayo hadi kwa Bi Mkubwa. Aliitazama sana, akanirudishia simu. "Sasa twende Amu," akasema. "Na wewe utasema mbele zao."

Habari ilinitangulia. Kabla hatujaondoka, mkubwa wangu wa kazi alinipigia simu. "Mwalimu, mambo ya ardhi ya watu hawa hayakuhusu. Wewe ni mgeni huko. Fundisha."

"Mimi ndiye niliyewaandika," nikamjibu. Akakata.

Tulikwenda Lamu wanawake kumi na wanane, mpishi na mimi. Kamati ya kusikiliza malalamiko ilituweka kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Tulipoitwa ndani, karani alisema malalamiko yapelekwe kwa maandishi, kwa Kiingereza, na ikiwezekana kupitia wakili. Mwenyekiti akaanza kukusanya makaratasi yake.

Bi Mkubwa hakungoja ruhusa. "Bwana, nti hii, ardhi hii, ndiyo tuliyozaliwa. Mimi nalitia dole langu nipate kula wali. Tangu lini mtu akila wali huwa ameuza mai yake?"

Watu wa nyuma walicheka. Yeye hakucheka, na mwenyekiti alipoona hivyo aliketi tena. Nikaitoa picha, nikaiweka mezani pembeni ya ripoti. Niliwaeleza nani aliniomba kuandika, na kwa maneno gani. Ofisa aliyeniita mwenzake alikuwapo, amekaa karibu na dirisha. Alisema huenda karatasi zilichanganyika wakati wa kuchapisha. Karatasi zilichanganyika! Kana kwamba karatasi zina mikono, zikajifunika vichwa na kujiandikia vingine.

Kamati iliamua ripoti irudishwe, mkutano ufanywe upya kwa Kiswahili, na seng'enge iondolewe kwenye jabia. Hakuna aliyeulizwa nani alikifunika kile kichwa. Nilipouliza, niliambiwa tuangalie mbele.

Barua ya kuhamishwa kwangu ilifika kabla ya huo mkutano wa pili. Iliandikwa kwamba ni kwa manufaa ya kazi. Bi Mkubwa alinisindikiza gatini, akanipa kopo la samli na mkate wa mofa, akaniambia, "Nalikukasirikia kwa haki. Na sasa nakuombea kwa haki." Nilipanda boti nikilia mbele ya abiria wote.

Siku hizi nafundisha bara, lakini huzungumza naye kwa simu. Mkutano wa pili ulifanyika. Wanakijiji walikuja wameshakula makwao, na pilau ya kampuni ikarudi na boti. Walisema matangi yajengwe kwingine na jabia iachwe. Jibu mpaka leo ni kwamba suala lipo mezani. Matangi hayajajengwa, muuguzi hajafika, na kibao cha mji wa mafuta bado kipo.

Seng'enge iliondolewa kweli. Lakini tingatinga lilikuwa limepita mara nyingi ubavuni mwa jabia, na sakafu imepasuka. Wanawake wameiziba kwa saruji mara mbili, na mara mbili imefunguka. Kampuni ilisema ufa huo ni wa uzee.

"Masika haya imenyesha vizuri," Bi Mkubwa aliniambia juzi. "Mai yote yameingia ardhini. Twaenda kuomba kijiji cha pili, kwa boti, na madumu."

Nilimuuliza kama wamepeleka malalamiko.

"Tumepeleka," akasema. "Wametwambia kwanza tuandikishe majina."