Jirani Aliyeitwa Mwizi wa Karata

Kwetu Ihembe mwanaume hagusi kisu cha kumenyea ndizi. Akikigusa, wapita njia wataanza kuuliza mkewe amekwenda wapi, au amelishwa nini. Ndiyo maana tulipoanza kucheza karata Jumapili mchana tulikubaliana kwamba watakaoshindwa watamenya ndizi za chakula cha jioni, mume na mke, wakae uani mahali ambapo kila apitaye anawaona. Pesa hatukuweka wala hatukuzihitaji. Utomvu ulitosha. Unaganda viganjani na kuwa mweusi, na hata ukipaka mafuta kwanza, haukosi pa kushika. Jumatatu mume wangu alipokwenda dukani kununua vocha, walimwangalia mikono kabla ya kumsalimu.

Tulikuwa wanne. Upande mmoja mimi na mume wangu, watu wa kuja: mimi wa Muleba, yeye wa Bukoba, aliletwa hapa Karagwe na kazi ya ukarani wa mahakama, akastaafu, akagoma kurudi kwao. Upande wa pili jirani yetu, mkulima wa kahawa na ndizi, pamoja na mkewe. Wao ni Wanyambo wa hapo hapo, tena Wakatoliki, na sisi ni Walutheri. Misa yao ilichelewa kwisha, na mume wangu alisema Wakatoliki wana dhambi nyingi za kuombea. Jirani alimjibu kwamba Walutheri wanawahi kutoka kwa sababu hawana subira ya kumsikiliza Mungu. Maneno yalikuwa hayo hayo kila Jumapili, na kila Jumapili waliyacheka.

Mume wangu ni mtu mgumu, sitaficha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwashikisha watu Biblia na Kurani ili waseme kweli, na hilo lilimwingia mwilini. Mjukuu akisema kuku ametaga, atakwenda kuchungulia kiotani. Jirani alikuwa mpole, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, na kwenye karata alikuwa hatari. Alikumbuka kila karata iliyokwisha kupita. Ungeficha ree yako vipi, yeye angeingoja tu.

Kisha akaanza kucheza ovyo. Alitupa karata kubwa mahali pasipostahili, akamwachia mume wangu vitu vya bure, na wiki kadhaa wao ndio waliomenya ndizi. Tuliwatania sana. Halafu ghafla wakaanza kushinda tena, na ushindi huo ulikuwa na kitu ndani yake. Mchezo wetu ni wa turufu: anayekata anaonyesha karata moja mbele ya wote, na aina yake, iwe kopa, uru, shupaza au pau, ndiyo inayokula nyingine zote mpaka karata za mkononi ziishe. Niliona mke wa jirani anagusa sikio. Mara anavuta kitenge begani. Mumewe anamtazama, anatulia, anacheza vizuri. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu ndizi ni ndizi tu. Mume wangu hakuweza kunyamaza.

Aliziweka karata zake juu ya meza taratibu, kama mtu anayefunga faili.

“Dada,” alisema, “hilo sikio linakuwasha tangu tulipoanza. Na kila likikuwasha, mzee anatoa kopa.”

Mke wa jirani hakubisha. Alisema ni yeye aliyeiba, mumewe hajui kitu. Kisha akainuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda uani akaanza kumenya ndizi, ilhali wao ndio waliokuwa wanaongoza. Jirani alibaki na karata zake mkononi. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kama bado ni zamu yake. Nilidhani anajifanya mjinga, nikaudhika.

Siku iliyofuata nilikwenda kwao, maana ugomvi wa majirani ukilala siku mbili unaota mizizi. Nilimkuta mke wa jirani akigeuza kahawa kwenye mkeka. Nilimwamkia shikamoo mara mbili ndipo akaitikia, na hakunipa kahawa ya kutafuna kama desturi yetu ilivyo kwa mgeni. Nikakaa tu pembeni ya mkeka, nikaanza kugeuza naye. Tulifika katikati ndipo akasema.

“Mdogo wangu, turufu inaonyeshwa, wote mnaiona. Mimi ningeiba nini hapo?”

Nilisimamisha mikono. Alisema anamkumbusha tu. Mzee anaiona turufu, na kabla raundi haijafika nusu imeshamtoka akilini. Mengine pia yanamtoka. Alikuwa amekwenda kumfunga mbuzi, akapotea ndani ya kibanja chake mwenyewe, shamba la nyumbani, kwenye migomba aliyoipanda kwa mikono yake, akawa anaita mama yake aliyekufa zamani. Alisema Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mumewe anaamka akijua kuna mahali anangojwa.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Walijaliwa mabinti tu, wawili wameolewa Nyakasimbi na mmoja yuko mbali zaidi. Shemeji zake wako Kimuli, na macho yao yako Ihembe. Wakisikia kichwa cha ndugu yao hakiko sawa, ukoo utakaa, utasema kibanja hakina mwenyewe, utamweka msimamizi, na yeye ataambiwa akaishi kwa wanawe.

“Bora niitwe mwizi,” alisema. “Mwizi wa karata hafukuzwi kwenye kibanja.”

Aliniruhusu nimwambie mume wangu peke yake. Nilimwambia jioni hiyo. Alitoka akashika njia ya kwa jirani bila hata kuvaa viatu vya maana, na walichozungumza huko sijui. Jumapili tulikuwa wanne tena. Tangu siku hiyo, kila mke wa jirani alipogusa sikio, mume wangu aliangalia mabati. Mara nyingine alijisahaulisha kabisa akasema kwa sauti, kopa hizi zinanitesa leo, ili mzee asikie. Tulishindwa sana kipindi hicho. Nilimenya ndizi mpaka nikachoka kuwa mwema, lakini nilikuwa nina furaha, na nadhani hata mume wangu alikuwa nayo.

Siri ilifichuka msibani. Walikwenda kuzika Kimuli, na jirani akawauliza wafiwa, mbele ya jeneza, ni nani aliyefariki. Wakamjibu. Baada ya kitambo akauliza tena. Hazikupita siku nyingi kaka zake wakaja Ihembe na wazee wa ukoo, wakamwita na mwenyekiti wa kitongoji. Walizungumza kwa upole, na upole wao ndio ulioniogopesha. Walisema ndugu yao anaumwa, mali yake inataka mtu wa kuiangalia. Kisha wakawaomba majirani waseme wanavyomjua.

Mke wa jirani alimtazama mume wangu. Mimi nilitazama chini. Nilijua kinachomsumbua mume wangu: hawezi kusimama mbele ya watu aseme yule mtu ni mzima, maana si kweli, na hajawahi kusema uongo. Mwenyekiti akamwita mara mbili. Alipoinuka, alikuwa anatabasamu tabasamu ambalo sikulijua.

“Mimi nacheza naye karata,” alisema. “Mwizi mkubwa huyu. Yeye na mkewe wana alama zao, wamenimenyesha ndizi mpaka vidole vimebadilika rangi. Sasa wazee wangu, niambieni. Mtu aliyetokwa na akili anaweza kumwibia karani wa mahakama?”

Watu walicheka. Hata kaka mkubwa alicheka, akajifuta macho. Mwenyekiti akasema kama ndivyo, basi sisi tusio na alama ndio wa kutafutiwa wasimamizi. Baada ya hapo kikao hakikuwa na nguvu tena. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, na kibanja kikabaki na mwenyewe. Niliutafuta mkono wa mke wa jirani nikaushika, na ulikuwa baridi.

Jirani hakuwa anacheka. Mkewe alikuwa amemvalisha koti na kumwomba asiseme sana, naye alikuwa ametii. Sasa alikuwa amegeuka upande wetu, na uso wake ulikuwa wa siku za nyuma, wa mtu anayejua karata zote zilizopita.

“Mimi nimekuibia lini, ndugu yangu?” alimuuliza mume wangu.

Mume wangu aliinama mbele yake, akamwambia ni utani, ni maneno ya kikao tu. Jirani akasema, mbele ya watu wa ukoo wangu? Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kaka zake walikuwa karibu, tukaogopa kueleza zaidi. Tulijipa moyo kwamba kesho atakuwa amesahau.

Alisahau kikao. Alisahau kwamba kaka zake walikuja. Majina ya mabinti yakaanza kumtoka moja moja, na mkewe akawa anamtajia asubuhi. Lakini Jumapili alipoambiwa twende kwenye karata alikataa, akasema kule wananiita mwizi. Mkewe alimweleza, alielewa, alivaa, wakatoka, na walipofika penye mgomba wa mpaka akasimama akageuka nyumbani.

Mume wangu alikwenda kumwomba radhi. Jirani alimsamehe vizuri tu, akampa na kahawa ya kutafuna. Siku iliyofuata alikuwa ameusahau msamaha, na kosa analo. Mume wangu akarudi tena. Imekuwa ndiyo ibada yake ya pili. Akitoka kanisani anapitia kwa jirani kuomba radhi, anasamehewa, anarudi nyumbani na kukaa peke yake. Mke wa jirani humsindikiza hadi njiani na kumshukuru kwa kibanja. Kila anaposhukuru, mume wangu anatazama pembeni.

Jumapili iliyopita tulikwenda wote wawili. Jirani alikuwa amekaa nje kwenye jua. Alimwamkia mume wangu kama mgeni, akamwuliza ametokea wapi. Mume wangu akasema anapita tu. Basi jirani akamkaribisha kiti, akamsogelea, akaanza kumsimulia kwamba hapo juu anaishi karani mmoja, mtu wa Bukoba, ambaye alimsingizia wizi mbele ya ndugu zake.

“Nilikuwa nampenda sana yule mtu,” alisema.

Mume wangu alimshika mkono, akamwambia bila shaka huko aliko anajuta. Jirani akafikiri kidogo, akasema, kama anajuta, mbona haji?