Kidole Gumba cha Muoka Injera

Jirani yangu muoka injera, ile mikate mipana ya Kihabeshi, hutembea uani mkono wa kulia kauinua juu ya moyo, kama alivyoagizwa na daktari aliyempasua kiganja kuufungulia mshipa wa fahamu uliobanwa. Wapita njia hudhani anawasalimu, naye huwaitikia wote. Kubeba sufuria amekatazwa, kusema hakukatazwa, basi huniamuru mimi ninayemwokea: "Mama Bezawit, mimina uji wa unga kwa kuzungusha, anzia ukingoni! Hiyo injera au ramani?" Huku anavikunja na kuvikunjua vidole, maana aliambiwa asiviache vikakaza. Usiku haamki tena akikung'uta mkono, ila kidole gumba bado kina ganzi, nami naogopa: muoka asiyehisi moto ataungua asijue.

Jana tukila alikunja tonge kwa mkono uleule ili anilishe, kama tunavyolishana tunaopendana. Likasambaratika kidevuni mwangu. "Tonge moja huleta ugomvi, mawili hupatanisha," akasema, akikunja la pili. "Panua mdomo, mwoga we!" Safari hii liliingia lote, pamoja na kidole gumba chenyewe, na meno yangu yakakibana.

"Aii!" akapiga kelele, akikitazama kwa furaha. "Mama Bezawit, kimeuma! Hebu niume tena!"