Mpiga Nyuzi wa Mkono wa Kushoto

Mimi ni wa mkono wa kushoto, na nyumbani kwetu Kikula hilo lilikuwa kosa. Nilipokuwa mdogo mama alinifunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula. Ukubwani nikajifunza gita kwa kuligeuza juu chini, mpaka nyimbo zote za ibada zikanikaa vidoleni. Wazee wa kanisa wakanikataza katakata nisipige mbele ya watu. Mkono wa kushoto, walisema, haumsifu Mungu. Nilinuna mwezi mzima, na sioni aibu kusema hivyo.

Nauza karanga sokoni, nazifungia kwenye kurasa za vitabu vichakavu. Siku moja nilikuwa nararua kitabu cha Kifaransa kuhusu vinanda vya zamani vya Ulaya, kimejaa picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa. Nilipofika katikati nikaacha kurarua. Pichani mwanamke amepakata kinanda chenye tumbo kama nusu ya papai na shingo iliyopinda nyuma, malaika wanamsikiliza, naye anapiga nyuzi kwa mkono wa kushoto.

Nikaupeleka ukurasa kwa kiongozi wa kwaya, mwalimu mstaafu asiye na maneno mengi. Aliutazama sana, kisha akaenda nao kwa wazee, nao walipowaona wale malaika wakaniruhusu. Jumapili iliyofuata nikapiga gita la kwaya mbele ya kanisa zima. Mama alikaa mstari wa mbele akifuta macho, eti vumbi la machimbo ya chokaa ya Kakontwe.

Miezi miwili baadaye kiongozi alinituma kwa mchonga mihuri nikachukue muhuri wa kwaya. Nikakuta herufi zote ziko kinyumenyume.

"Hii umeiharibu," nikamwambia.

Akaugandamiza kwenye karatasi, na jina la kwaya likasomeka sawasawa. "Kitu ya kuchonga inageukaka kwa karatasi, mama."

Picha yangu nayo ilichongwa kwanza, ndipo ikapigwa chapa. Basi yule mwanamke alikuwa wa mkono wa kulia kama watu wote, karatasi ndiyo iliyomgeuza. Ningeweza kunyamaza, lakini ningemwimbiaje Mungu kila Jumapili juu ya uongo? Njia nzima nilikuwa naliaga lile gita moyoni.

Nilimkuta kiongozi peke yake kanisani, anapanga viti. Nikampa muhuri, nikamweleza yote, kisha nikachukua gita pale ukutani nikamnyooshea alipokee.

Hakulipokea. "Baba yangu alikuwa anachongaka mihuri," alisema. "Miye nilijua siku ileile."

"Sasa mbona ulinyamaza, papa?"

"Wazee walikuwa wanataka picha. Miye nilikuwa nataka mupiga gita."

Nikakaa kwenye kiti cha karibu, nikacheka mpaka machozi. Wanakwaya walipoingia kwa mazoezi nilikuwa bado nacheka, na wimbo wa kwanza niliuharibu wote. Hakuna aliyenigombeza.